Mafuta ya lavenda na vidonge vya wasiwasi

Dada, umeuliza kama mafuta ya lavenda yanaweza kuchukua nafasi ya vidonge ulivyoandikiwa na daktari kwa ajili ya wasiwasi. Nakusihi, usiviache ghafla. Wasiwasi unaweza kurudi kwa nguvu zaidi. Zungumza naye kwanza.

Lavenda yenyewe si porojo. Ujerumani kuna dawa ya kumeza iliyotengenezwa kwa mafuta yake, Silexan, miligramu 80 kwa siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliilinganisha na lorazepamu, dawa ya hospitali ya kutuliza wasiwasi, ya dozi ndogo kwa wiki 6, na wasiwasi ulipungua kwa kiasi kinachokaribiana. Lakini hiyo ni dawa ya kipimo maalumu. Kichupa cha dukani usikinywe hata tone! Kunusa kuna ushahidi hafifu zaidi, ingawa wapo wanaotulia kwa muda, na hilo si haba.

Ukitaka kujipaka, changanya matone 3 kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, ujaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Kama una mafuta ya karafuu pia, yaweke mbali na watoto: wakiyameza yanaweza kuharibu ini. Na kama una mimba, mwambie daktari kabla ya kupaka chochote.