Barua kwa mwanangu: mwili umelegea, hasira bado ipo

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema una miezi minane ukifanya yoga kwa video, kila siku video mpya, na sasa vidole vyako vinagusa sakafu. Lakini bado unamfokea mdogo wako kwa jambo dogo, na bado unarudi kutoka kazini kifua kimebana. Ukauliza: "Mama, wanasema yoga humjenga mtu ndani. Mbona mimi imeninyoosha tu?" Mwishoni ukadokeza, kama jambo la pembeni, kwamba chini ya tako la kushoto kuna maumivu yasiyokwisha.

Nianze na hayo maumivu, maana hayasubiri. Yakiwa pale pale kwenye mfupa unaoukalia, na yakizidi unapoinama au unapokaa muda mrefu kwenye kiti kigumu, mara nyingi ni ya kano, ile kamba ngumu inayoshika msuli kwenye mfupa. Misuli ya nyuma ya paja huanzia kwenye mfupa huo. Ukiinama magoti yamekazwa, kisha ukajivuta kwa mikono ufike chini, mvuto hutua kwenye kano badala ya katikati ya msuli. Msuli una damu nyingi, hupona upesi. Kano ina damu kidogo. Kuipa nafuu ni kazi ya miezi. Kuanzia kesho inama magoti yamekunjwa mpaka tumbo liguse mapaja. Sehemu hiyo itakuomba uinyooshe, kwa sababu kano iliyoumia husikika kama imekaza, na ukiinyoosha utapata raha ya dakika chache kisha usiku inauma zaidi. Inachohitaji ni kutiwa nguvu taratibu: lala chali, kunja magoti, nyayo sakafuni, inua nyonga, hesabu hadi 30, shuka. Mara tano, kila baada ya siku moja. Maumivu yakiwa makali zaidi kesho yake, punguza hesabu. Na kama ulisikia kitu kikikatika, au paja limevilia damu, au ganzi inashuka mguuni, nenda hospitali kwanza, yoga itakusubiri.

Sasa tazama jinsi ulivyofika hapo. Mwili ulikuambia kwa wiki kadhaa, ukaendelea kuvuta kwa sababu sakafu ilikuwa karibu. Mtu yule yule anayevuta paja ndiye anayemkatiza mdogo wake kabla hajamaliza sentensi. Sikulaumu. Nataka uone kwamba jibu la swali lako limekuwa likikaa nawe mkekani miezi yote minane, ila hukupata nafasi ya kulitazama, kwa kuwa kila siku ulikuwa na kazi ya kufuata video ngeni: huyu anasema mguu wa kulia, yule anasema geuka. Akili iliyoshughulika kufuata maelekezo haina muda wa kujitazama.

Kule Mysore, kusini mwa India, ambako mwalimu T. Krishnamacharya alifundisha yoga miaka ya 1930 katika jumba la mfalme, kulitoka mtindo ambao hadi leo unaitwa kwa jina la mji huo. Mwanafunzi hupewa mikao michache, huikariri, huja na kuirudia kwa mpangilio ule ule kila siku, kila mtu kwa pumzi yake, chumba kikiwa kimya. Mwalimu humwongezea mkao mmoja pale wa mwisho ulipotulia. Wageni wengi huchoka wiki ya pili, na ninawaelewa. Lakini mpangilio usipobadilika, tofauti ya leo na jana inatoka kwako wewe. Mkao wa pembetatu ni ule ule. Kilichobadilika ni usingizi ulioupata, maneno uliyoambiwa na bosi, chakula cha usiku, siku za mwezi. Hapo ndipo mtu huanza kujisoma. Wenyewe wana neno lake, svadhyaya, na Patanjali, mwandishi wa kale wa kitabu cha yoga, aliliweka kati ya mambo matano ya nidhamu ya mtu na nafsi yake. Katika sutra zake, yaani sentensi fupi za mafundisho, zaidi ya 190, tatu tu ndizo zinazozungumzia mkao, na ya kwanza inasema mkao uwe thabiti na wa raha. Kugusa sakafu hakumo.

Basi acha video kwa wiki sita. Fanya haya, dakika 40, siku tano kwa wiki, saa ile ile. Kwa ratiba yako naona saa 11 alfajiri kabla ya pilikapilika za daladala, tumbo likiwa tupu. Ukilazimika kufanya jioni, ziwe zimepita saa tatu au nne tangu mlo mzito. Mkeka uwe wa mpira, milimita 4 au 5. Mkeka wa ukindu huteleza kwenye vigae, na jasho la Dar es Salaam likiongezeka utaanguka.

Kaa kwanza dakika tatu juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne, nyonga ziwe juu kuliko magoti. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, kwa pua. Moyo huongeza kasi kidogo unapovuta na hupunguza unapotoa, kwa hiyo kutoa kukiwa kurefu mwili hupoa wenyewe. Usizuie pumzi.

Kisha salamu kwa jua mara tano. Vuta, mikono juu. Toa, inama, magoti yamekunjwa. Vuta, inua kifua, mgongo unyooke. Toa, rudi nyuma ujishushe. Vuta, kifua mbele na juu. Toa, mbwa anayetazama chini, yaani viganja na nyayo sakafuni, nyonga juu, ukae pumzi tano. Vuta, miguu mbele, kichwa juu. Toa, inama. Vuta, simama mikono juu. Ni hatua tisa, na kila hatua ina pumzi yake.

Hapo kwenye kujishusha ndipo mabega mengi huharibikia, kwa hiyo nisikilize. Weka magoti chini. Viwiko vibane mbavu, na ukomee pale mabega yanapolingana na viwiko. Yakishuka chini yake, sehemu ya mbele ya bega ndiyo inayobeba mwili. Viganja navyo: watu huegemea kisigino cha mkono, kisha husema kifundo kinauma. Kandamiza sakafu kwa shina la kidole cha shahada na la gumba, utaona uzito unahama. Katika mbwa, mgongo ukipinda kama upinde, kunja magoti. Mgongo mrefu na magoti yaliyokunjwa ni bora kuliko visigino chini na mgongo uliovimba.

Baada ya salamu, pembetatu, miguu imetanuliwa na mwili umeinama ubavuni, pande zote mbili, pumzi tano kila upande, mkono kwenye muundi au kwenye stuli. Kisha mkao wa shujaa wa pili: miguu imetanuliwa, goti la mbele limekunjwa, mikono imenyooshwa mbele na nyuma. Keti, inama mbele kidogo tu kwa ajili ya ile kano. Lala, inua nyonga kama nilivyoeleza, zile siku ambazo ni zamu yake. Malizia na miguu ukutani dakika tatu. Miguu ya kukunja kama ua la yungiyungi iache kabisa kwa sasa: goti ni bawaba, kazi ya kuzunguka ni ya nyonga, na nyonga ikikataa goti ndilo hulipia. Kusimama kwa kichwa pia kuache, na rafiki yako mwenye presha ya macho mwambie asijaribu.

Mwisho ni savasana, mkao wa maiti, dakika saba kamili kwa saa ya simu. Najua unauruka, kwa sababu umesema unamaliza "na muda kidogo wa kuoga". Naomba sana usiuruke. Katika mikao mingine una kazi ya kufanya. Huu hauna kazi, na ndiyo maana mtu mwenye haraka huuona mgumu kuliko yote. Utalala chali, utaanza kupanga foleni ya mambo ya kazini, mkono utataka kukuna pua, na dakika ya nne utajiambia leo inatosha. Huo msukumo wa kuinuka ndio nataka uujue kwa sura. Unaanzia wapi, kooni au tumboni? Unakuja na sentensi gani? Ukiukuta pale umelala mara ishirini, siku moja utaukuta jikoni mdogo wako akivunja kikombe, nao utakuwa si mgeni. Mabadiliko uliyoyauliza huanzia hapo, na mwanzoni huwa ya sekunde moja tu, kati ya kukasirika na kufungua mdomo.

Baada ya kuinuka, kabla ya kushika simu, andika kwenye daftari. Mambo matatu, mistari mitatu isizidi: pumzi ilikatika wapi, nilitaka kukimbia wapi, nilijiambia nini. Iwe hivi: "Jumanne. Pumzi ilikatika pembetatu ya kushoto. Nilitaka kuinuka kabla ya kengele. Nilijiambia nimechelewa, na sikuwa nimechelewa." Usiandike "leo nzuri" au "leo mbaya", hayo hayakuambii kitu. Wala usiandike insha, maana ukianza kujieleza utaanza kujitetea. Usiyasome mpaka wiki nne ziishe. Siku hiyo chukua kalamu ya rangi, pigia mstari kila kinachojirudia. Watu wengi hukuta sentensi moja au mbili zimejirudia zaidi ya mara kumi, na ndizo hizo hizo wanazozisema ofisini na nyumbani.

Kuna siku utalia ukiwa umelala. Utaambiwa huzuni hukaa kwenye nyonga. Mimi sioni ushahidi wa hilo. Ninavyoelewa, ukitulia, kilichofunikwa na shughuli hujitokeza. Acha machozi yapite. Lakini kikija kitisho, kumbukumbu inayokurudisha mahali pabaya na mapigo yanakwenda mbio, fumbua macho, keti mgongo ukutani, taja vitu vitano unavyoviona. Kikijirudia, tafuta mshauri wa afya ya akili. Mkeka haubebi kila kitu, na hakuna aibu.

Uliwahi kuniuliza pia habari ya dini. Yoga ilitoka India, ndani ya mila za Kihindu, na si haki kuificha asili yake. Nyimbo na "om" unaweza kuziacha, na hakuna mwalimu mwenye adabu atakayekulazimisha.

Ukikosa siku mbili, anza ya tatu bila kufidia. Watu hufidia kwa kufanya saa mbili Jumapili, Jumatatu hawawezi kunyanyua mikono, na wiki imekwisha. Siku ambayo huna nguvu kabisa, fanya pumzi za mwanzo na savasana tu, uandike mistari yako.

Daftari ni lako, usinioneshe. Ila baada ya wiki sita niandikie hali ya lile paja, na uniambie kama unaweza kukaa kwenye benchi bila kuegemea upande wa kulia.

Mama yako anayekupenda