Maswali ya wakimbiaji wa Lubumbashi: joto, maji na mwenzako wa pembeni

Tangu mwezi wa tisa maswali yamezidi, kwa sababu vikundi vingi vya marafiki vimejiandaa kukimbia marathoni pamoja, na joto linalotangulia mvua limewakuta katikati ya mazoezi. Nimechagua yale yanayogusa uhai wa mtu. Maswali ya viatu na fulana za kikundi yatasubiri.

*Sisi ni marafiki sita wa Kamalondo. Mmoja ana mbio sana, wengine ni wa kawaida. Je, tuapiane kufika pamoja, au kila mtu aende kwa nguvu zake?*

Msiapiane wote sita. Gawanyikeni wawili wawili kwa kasi inayolingana, na kila wawili wasiachane kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kilomita 42.195. Kikundi kikubwa kikikimbia pamoja, kasi huamuliwa na yule mwenye nguvu, na yule aliye mnyonge hunyamaza kwa aibu mpaka mwili umshinde. Kipimo ni rahisi: katika nusu ya kwanza ya mbio, kila mmoja aweze kumwambia mwenzake sentensi nzima bila kukatika pumzi. Asiyeweza amekwenda haraka mno kwa joto hilo, hata kama wiki iliyopita, kulipokuwa na baridi, kasi hiyo hiyo haikumsumbua.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kukimbia na mwenzako, nami nitairudia kila mwaka hadi isikike. Joto likizidi mwilini, ubongo ndio unaoanza kuvurugika, kwa hiyo anayeumia ndiye mtu wa mwisho kujua kwamba anaumia. Atakuambia yuko salama huku anayumba, anajibu jambo ambalo hukumwuliza, au anakasirika bila sababu. Wewe wa pembeni unaona, yeye haoni. Basi wekeni sharti kabla ya siku ya mbio: anayeambiwa na mwenzake asimame, anasimama bila mjadala. Msione haya. Katika mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza karibu na usiku wa manane ili kukwepa jua, na bado kati ya wakimbiaji 68 walioanza ni 40 tu waliomaliza. Hao walikuwa mabingwa wa nchi zao.

*Ninywe lita ngapi za maji?*

Swali hili huletwa kila wiki, na kila wiki mwulizaji hasemi uzito wake, kasi yake wala muda atakaokimbia. Hakuna idadi moja ya lita inayomfaa kila mtu, na anayekutajia moja bila kukuuliza lolote anakuhatarisha. Jipime mwenyewe: panda mzani kabla ya mazoezi ya saa moja, kimbia bila kunywa, jifute jasho, kisha panda tena. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho. Siku ya mbio kunywa kidogo kidogo kadiri ya kiu, wala usijaribu kurudisha jasho lote. Hapa kwetu mwezi wa kumi hewa ni kavu na jasho hukauka kabla hujaliona, kwa hiyo usidhani hutoki jasho kwa sababu fulana yako ni kavu.

Wengi hawaamini kwamba maji yakizidi yanaua, kwa kuwa hupunguza mno chumvi katika damu na ubongo ukavimba. Baada ya marathoni ya Boston ya mwaka 2002, watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 wana chumvi iliyoshuka kupita kiasi. Mtu anayemaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza, vidole vimevimba na kichwa kinamgonga, asipewe chupa nyingine ya maji. Apelekwe kwa daktari.

*Munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, unafaa njiani?*

Uliotengenezwa siku hiyo, kwa maji yaliyochemshwa, na tumbo lako limeuzoea mazoezini, ndiyo. Uliochacha, hapana.

*Mwenzetu alianguka mazoezini kwenye barabara ya Kasapa, mwili unawaka na anasema ovyo. Wazee walitukataza kummwagia maji baridi, kwamba moyo ungesimama. Tukamfunika kitenge, tukatafuta gari. Tulikosea?*

Namshukuru Mungu kwamba mwenzenu yuko hai. Ndiyo, mlikosea, na kosa hilo ni la mji mzima. Mtu aliyeanguka akikimbia kwenye joto, mwili unawaka na maneno hayapangiki, mchukulieni kuwa ana kiharusi cha joto. Joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40, na kila dakika inayopita linaharibu ubongo, ini na figo. Mpozeni kwanza hapo hapo, ndipo mmsafirishe. Anayepozwa ndani ya nusu saa ya kwanza ana matumaini makubwa ya kupona, na nusu saa hiyo huisha kwa urahisi mkitafuta gari.

Mvueni nguo za juu, mlazeni kivulini, mmwagieni maji baridi mengi mfululizo huku wengine wakimpepea. Mkipata beseni kubwa au pipa lililokatwa lenye maji na barafu, mtumbukizeni hadi kifuani na mtu mmoja amshikilie kichwa. Maji baridi ndiyo tiba yake, na hofu ya moyo kusimama isiwazuie. Asipewe kinywaji ikiwa fahamu zake si timamu, kwa sababu kitaingia mapafuni. Asipewe parasetamoli, kwa kuwa haishushi joto la namna hii. Na asiwepo wa kusema tungoje kwanza tujue kama ni malaria: mpozeni, malaria itapimwa hospitalini.

*Nilitibiwa malaria wiki iliyopita. Nikimbie Jumapili?*

Usikimbie.

*Je, nimeze dawa ya maumivu kabla ya kuanza, ili magoti yasinisumbue?*

Hapana. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, wakati ambapo jasho limekwisha kuzinyima maji, na wapo wakimbiaji waliomaliza mbio wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Vidonge vinavyouzwa kwenye meza za barabarani ni vibaya zaidi, maana hujui kilichomo. Hapo hapo niwaonye vijana wanaokimbia wamevaa makoti ya plastiki ili wakonde: mnapoteza maji tu, na yatarudi mkinywa.

*Tunatoka huku kwenda kukimbia Dar es Salaam. Sisi tumezoea mji ulio juu, mita 1,200 hivi. Si tutapumua kwa raha?*

Mapafu yataona nafuu kidogo, ngozi itateseka. Pwani hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea hali hiyo. Kama hamwezi kutangulia mapema, anzeni mbio polepole kuliko mlivyopanga na msahau saa mliyoitamani.

*Mbio za mjini zinapaswa kuanza saa ngapi?*

Jua linapochomoza, au kabla. Mwaka 2007 marathoni ya Chicago ilisimamishwa katikati kwa sababu ya joto, na marathoni za Olimpiki ya Tokyo zilihamishiwa Sapporo, zaidi ya kilomita 800 kaskazini, kwa hofu hiyo hiyo. Kwetu nimeona wakimbiaji wamesimamishwa juani wakisubiri mgeni rasmi amalize hotuba. Jambo hilo linanisikitisha sana, kwa kuwa linaondoa saa nzima ya ubaridi ambayo mkimbiaji wa mwisho ndiye anayeihitaji. Kabla ya kulipa ada, mwulizeni mwandaaji anaanza saa ngapi hasa, meza za maji ziko wapi, na nani atakuwa na barafu kwenye nusu ya pili ya njia. Akijibu hotuba kwanza, bakini na fedha zenu na mkimbie wenyewe alfajiri.