Kompyuta ndogo isiyopiga kelele katika joto la Dar: anza na wati

Mtu akitaka kompyuta ya mezani iliyo kimya, swali lake la kwanza huwa ni feni gani nzuri. Ushauri wangu ni kwamba feni zisubiri, kwanza uhesabu wati. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hutoka ukiwa joto, na joto hilo lazima lipelekwe nje ya kasha. Kasha kubwa linakuruhusu kujaza feni nyingi zinazozunguka taratibu. Kasha dogo halina nafasi hiyo, kwa hiyo ama unapunguza joto kwenye chanzo chake, ama unakubali mvumo.

Mimi naishi Dar es Salaam na mashine yangu inakaa sebuleni, kando ya televisheni, mahali ambapo wengine wanasikiliza taarifa ya habari na mtoto anasinzia kwenye kochi. Nilitaka iwe ndogo, isisikike, na iweze kuhariri picha na video fupi bila kuhema. Haya nitakayosema yanatokana na hapo. Kama unaunda mashine ya kuchezea magemu mazito, mahesabu yako yatakuwa tofauti, ingawa kanuni ni zilezile.

Tuanze na joto la chumba, kwa sababu ndilo linalosahaulika. Majaribio mengi ya vipoza unayosoma mtandaoni hufanyika kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 22. Huku kwetu, kaskazi ikivuma, Januari na Februari, mchana hufika nyuzi 32 au 33, na sebule iliyo chini ya bati huzidi hapo. Kipoza cha hewa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Kinachoweza kufanya ni kuizuia isipande sana juu ya hapo. Prosesa iliyosoma nyuzi 72 kwenye jaribio la Ujerumani, kwako itasoma kama 83, kazi ikiwa ileile na feni zikizunguka kwa kasi ileile. Haitaungua: prosesa nyingi za sasa za Ryzen, za kampuni ya AMD, zimewekewa kikomo cha nyuzi 95. Tatizo ni kwamba mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, inapoona 83 huanza kukimbiza feni, na kelele inaanzia hapo. Ndugu zetu wa Njombe na Nairobi wana bahati, wanaweza kuruka aya hii.

Basi chagua prosesa kwa wati. Herufi ya mwisho kwenye jina lake ina maana kubwa kwako. Ryzen 7 7700 inatangazwa kuwa ya wati 65, na ikibanwa na kazi huruhusiwa kufika 88. Ndugu yake 7700X imeandikwa 105 na huruhusiwa kufika 142. Kwa kazi za kawaida za nyumbani hutaona tofauti inayolingana na zile wati 54 za ziada, lakini masikio yako yataisikia. Kwa upande wa Intel angalia kwa makini zaidi: Core i5-13400 ina 65 kwenye maelezo yake ya msingi, lakini kiwango chake cha juu ni 148. Muuzaji atakutajia 65, akaishia hapo.

Mimi nilichukua Ryzen 5 8600G. Ina koa sita, yaani viini sita vya kufanyia kazi, ni ya wati 65, na sehemu yake ya grafiki, Radeon 760M, imo ndani ya prosesa yenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililonivutia, maana kadi ya grafiki ni chanzo cha pili cha joto na mara nyingi ndiyo yenye feni zinazolia kuliko zote. Ukiiondoa, nusu ya tatizo imeondoka nayo. Wenye mazabodi za zamani za AM4, yaani zenye soketi ya prosesa za AMD za kizazi kilichopita, wanaweza kupata utaratibu kama huu kwa Ryzen 5 5600G, ambayo hata leo ni mashine nzuri ya nyumbani. Sharti moja tu: grafiki iliyo ndani ya prosesa hutegemea RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, kwa hiyo nunua vijiti viwili vinavyofanana, usinunue kimoja kikubwa. Kijiti kimoja hukata kwa kiasi kikubwa kasi ya kuifikia kumbukumbu, halafu utailaumu prosesa bure.

Kisha ingia kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mazabodi unaofunguka kabla kompyuta haijawaka kamili, utafute Eco Mode, kikomo cha umeme wa prosesa, uweke wati 45. Hiki ndicho kitu kimoja nilichofanya kilicholeta ukimya mwingi zaidi, na hakikunigharimu shilingi. Sababu yake ni kwamba umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa mraba wa volti, na ili kupata ule mwendo wa mwisho kabisa prosesa inadai volti nyingi mno. Ukiunyima mwendo huo, kasi inapungua kidogo na joto linapungua sana. Kuhamisha video kutoka umbo moja kwenda jingine kunachukua muda mrefu kidogo, ndiyo. Kufungua picha, kuperuzi, kuandika, sijahisi chochote.

Sasa kasha. Mazabodi ya Mini-ITX ni mraba wa milimita 170 kwa 170, kipimo kilicholetwa na kampuni ya VIA mwaka 2001, na makasha yake huuzwa kwa kutajwa ujazo wa lita. Yapo ya lita 10, kama Node 202 ya Fractal Design, na yapo ya 18 na kitu, kama NR200 ya Cooler Master. Picha za yale madogo kabisa zinatamanisha. Kwa hapa kwetu mimi naona hizo lita nane za tofauti ndizo zinazonunua ukimya. Kwenye kasha jembamba unalazimika kutumia kipoza kifupi. NH-L9 ya Noctua, kwa mfano, ina kimo cha milimita 37 na feni ya milimita 92 iliyo nyembamba. Ni kazi nzuri ya uhandisi, lakini sebuleni kwenye nyuzi 33 itabidi ikimbie. NR200 inapokea kipoza cha kusimama chenye feni kamili ya milimita 120, mradi kimo chake kisizidi 155. Hapo soma vipimo kwa rula mkononi. NH-U12S ina 158, na kwa milimita hizo tatu ubao wa pembeni haufungi. AG400 ya DeepCool ina 150, inaingia vizuri, na haina bei ya kutisha.

Kwa nini feni kubwa? Eneo la feni ya 120 ni kama mara 1.7 ya ile ya 92, kwa hiyo inasukuma hewa ileile ikizunguka polepole zaidi. Kasi ndiyo inayoamua kelele: ukipunguza mizunguko kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la mtu huhesabu desibeli 10 kuwa ni kelele iliyopungua kwa nusu. Ndiyo maana feni mbili zinazokwenda taratibu ni bora kuliko moja inayokimbia. Chukua zenye pini nne kwenye plagi yake, mazabodi izitawale vizuri hadi chini kabisa.

Mpangilio wa feni kwenye BIOS unastahili jioni nzima. Mtu hasumbuliwi sana na mvumo mdogo usiobadilika, kwani pangaboi tumelala chini yake tangu utotoni. Kinachokera ni feni inayopanda na kushuka kila ukifungua ukurasa. Prosesa za sasa hupanda nyuzi 15 kwa sekunde moja kisha zikashuka, na feni ikifuata kila mruko inakuwa kama mbwa anayebwekea kila mpita njia. Tafuta sehemu ya kuchelewesha mabadiliko, uweke sekunde kadhaa. Kisha iachie feni kasi moja ya chini hadi nyuzi 70 hivi, ndipo ianze kupanda kidogokidogo. Wengi huacha mpangilio wa kiwandani, unaoanza kupandisha mapema kwa kudhani chumba kina baridi. Fanya majaribio saa nane mchana, si saa nne usiku.

Pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, kwa makasha haya ni ya umbo dogo liitwalo SFX, upana wa milimita 125 na kimo cha 63.5. Usinunue isiyojulikana. Ndiyo kifaa pekee ambacho kikifa vibaya kinaweza kuondoka na vingine, na umeme wetu wa kupanda na kushuka hauna huruma. Mashine kama yangu haifiki hata wati 150, lakini nilichukua ya 450 makusudi. Aina kama SF za Corsair huacha feni ikiwa imezima kabisa mzigo unapokuwa mdogo, kwa hiyo muda mwingi sebuleni haizunguki. UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, nayo ni ya lazima. Isikilize dukani kabla ya kulipa, maana zipo zinazonguruma mchana kutwa hata umeme ukiwepo, na hapo utakuwa umetumia fedha zako zote za ukimya bure.

Kwenye SSD, diski ya kuhifadhia mafaili, sina mengi. Ya NVMe, aina ya kasi inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, ya kizazi cha nne inatosha. Za kizazi cha tano zina joto usilolihitaji. Mazabodi ndogo nyingi zina nafasi ya pili mgongoni, ambako hewa haipiti. Weka ile unayoitumia sana upande wa mbele, chini ya bapa lake la chuma.

Vumbi lina mengi zaidi. Panga feni ili zinazoingiza hewa zizidi zinazotoa. Hewa ya ndani ikiwa na msukumo, inatokea kwenye nyufa badala ya kuingilia huko, na vumbi linabaki kwenye vichujio. Kinyume chake, kila tundu la USB linakuwa mlango. Vichujio vioshwe kwa maji, vikauke kivulini, virudi. Ukikaa karibu na bahari, Kigamboni au Mikocheni, usiiweke mashine chini ya dirisha linalopokea upepo wa chumvi, hata kama ndiko kwenye ubaridi. Na usiisukume ndani ya kabati la televisheni lisilo na mgongo wazi. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kwenye vipoza, kisha wakavifungia ndani ya sanduku la mbao.

Neno kwa wenye bajeti ndogo. Maduka ya Posta na Kariakoo yamejaa mashine ndogo za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya: ThinkCentre Tiny za Lenovo, OptiPlex Micro za Dell, EliteDesk Mini za HP. Zina ujazo wa lita moja na kidogo, na nyingi zina prosesa zenye herufi T mwishoni, kama i5-8500T, za wati 35. Zinatumia adapta ya nje kama laptop, kwa hiyo joto la pawasaplai halimo ndani kabisa. Kwa barua, masomo ya watoto na filamu, inakutosha, na uniti za LUKU hutaziona zikienda. Kabla ya kulipa mwombe muuzaji aifungue. Angalia kama mapezi ya kipoza hayajazibwa na vumbi la miaka ya ofisini, na kama adapta ni ya mashine hiyo kweli, kisha icheze video kwa robo saa huku umeinamia karibu. Feni ikilia kwa sauti nyembamba ya juu, feni hiyo imechoka. Dai bei ishuke kwa thamani ya feni mpya. Na nyumbani, kabla hujaiwasha rasmi, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, upake mpya.