Vidole Vinauma na Hedhi Imekoma: Je, Homoni Zitasaidia?

Kwanza tazama mkono wako kwenye mwanga wa dirisha. Vinundu vigumu kama mfupa kwenye kiungo cha mwisho cha kidole, karibu na ukucha, au kwenye kiungo cha katikati. Maumivu kwenye shina la kidole gumba ukifungua kifuniko cha chupa: hiyo ndiyo sura ya viungo vilivyochakaa. Asubuhi vidole hukakamaa, lakini hulegea kabla ya nusu saa kwisha. Jirani atakwambia ni baridi ya Julai. Baridi ya Nairobi huongeza maumivu, haileti vinundu.

Kama uvimbe ni laini na wa moto, umekaa kwenye mafundo ya ngumi ya mikono yote miwili, na ukakamavu unadumu saa nzima, upimwe haraka baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo. Tiba yake ni nyingine kabisa na kuchelewa huharibu kiungo. Na kama unameza vidonge vya presha vinavyokukojoza, omba upimwe asidi ya yuriki. Gauti, yaani asidi hiyo ikijikusanya kwenye kiungo, hupenda kujificha kwenye vinundu hivyohivyo.

Sasa homoni, yaani estrojeni inayotolewa kama dawa hedhi ikikoma. Gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa), mfupa na utando wa kiungo vyote hupokea estrojeni, homoni ya kike, na vidole vya wanawake wengi huanza kuuma miaka ileile hedhi inapotoweka. Wazo lina msingi, ila ushahidi bado ni mwembamba. Katika utafiti wa Women's Health Initiative wa Marekani, wanawake waliokwisha kutolewa kizazi na kupewa estrojeni peke yake walipungukiwa maumivu ya viungo, lakini kidogo tu. Utafiti wa Uingereza uliohusu vidole hasa, HOPE-e, uliochapishwa 2022, ulikuwa na wanawake 28. Ulilenga kuona kama utafiti mkubwa unawezekana, si kuthibitisha dawa.

Kwa hiyo usianze homoni kwa ajili ya vidole peke yake. Ukiwa na joto la ghafla, jasho la usiku au ukavu ukeni, hapo una sababu kamili, na vidole vikipata nafuu, hiyo ni nyongeza. Wakati mzuri ni kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome. Mwenye kizazi lazima apate projesteroni, homoni nyingine ya kike, pamoja na estrojeni, la sivyo ukuta wa kizazi hunenepa na unaweza kugeuka saratani. Kuhusu damu kuganda, kibandiko au jeli ya ngozi ni salama kuliko vidonge. Aliyewahi kupata saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda mguuni, na anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana, amwambie daktari kabla ya kuandikiwa chochote. Kwa kawaida hataandikiwa. Sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi si dawa hii, maana haina estrojeni. Krimu ya ukeni nayo haifiki vidoleni.

Kazi kubwa inafanywa na vitu vya bei ndogo. Jeli ya diklofenaki ya asilimia 1: gramu 2 kwa mkono, mara 4 kwa siku. Kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza. Huo ni kama nusu gramu, basi mistari minne. Wengi hupaka tone moja, kisha wanaenda kuosha vyombo. Subiri saa moja kabla ya kunawa, na usiongeze Brufen juu yake, hasa ukiwa na presha, vidonda vya tumbo au figo dhaifu.

Kwa kidole gumba, vaa banzi, yaani kifaa cha kutuliza kiungo, linaloshika shina lake na kuacha ncha huru. Kosa la kila siku kwenye maduka ya dawa ni kuuziwa lile la kifundo cha mkono, linalofunga kila kitu isipokuwa gumba lenyewe. Kitengo cha okupesheno therapi hospitalini, kinachosaidia watu kumudu kazi za kila siku, hulitengeneza kwa kipimo chako. Livae ukifanya kazi, kwa miezi 3 angalau, ndipo uamue kama linasaidia.

Ukibana kitu kwa ncha za vidole, shina la gumba hubeba nguvu kama mara 12 ya ile ya ncha. Ndiyo maana mwiko mwembamba wa ugali huumiza: uzungushie kitambaa unenepe, ushike kwa mikono miwili. Nguo nzito usizikamue, zitundike zikidondoka maji. Mfuko wa Marikiti uupitishe begani.

Unga na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa steji kama dawa ya viungo, viache. Vikiondoa maumivu kwa siku moja, shuku vimechanganywa na steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe. Sukari na presha zitapanda kimyakimya.

Na pete: ivue sasa, kwa maji baridi na sabuni, kabla kinundu hakijakua. Sonara akiipanua mapema, hutalazimika kuikata.