Programu huru za takwimu zinakoelekea, na unachohitaji kujua ukiwa Bukavu

Kwa anayeandika TFC (kazi ya utafiti ya kumaliza masomo) hapa Bukavu, kinachosumbua kwanza ni koma. Excel ya Kifaransa huandika 3,5, na CSV yake (faili ya jedwali katika maandishi matupu) hutenganisha safu wima kwa nuktamkato. Ukiisoma kwa read.csv kwenye R, programu huru ya takwimu inayoendeshwa kwa amri, safu zote zinavurugika. Tumia read.csv2. Faili zenye nuktamkato lakini desimali za nukta, kama zinazotoka KoboToolbox (zana ya kukusanya data kwa fomu), ziongezee dec=".". Kisha andika str(data) kuona aina ya kila safu. Ukiona "chr" (yaani maandishi, si namba) mbele ya uzito, huenda kuna mtu amejaza "45 kg" kwenye fomu. Safisha kwanza, maana as.numeric, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, itageuza seli hiyo kuwa NA (thamani inayokosekana) na onyo lake ni rahisi kulipita.

Kwa maendeleo, mwelekeo unaotufaa zaidi ni menyu zilizojengwa juu ya R. Jamovi ni mfano mzuri: unabofya jaribio, ukiwasha hali ya sintaksi inakuonyesha kodi ya R iliyotumika. Ibandike kwenye kiambatisho cha kazi yako, msimamizi ataweza kurudia hesabu. PSPP, programu huru inayofanana na SPSS, inafungua faili za .sav za SPSS bila leseni, ila uwezo wake ni mdogo.

Kuna pia webR, yaani R ndani ya kivinjari. Hesabu hufanyika kwenye mashini yako, data ya wagonjwa haipelekwi kwenye seva. Lakini kuipakua mara ya kwanza kunakula mega, kwa hiyo bado si ya kutegemea.

Mega zikiwa chache na unahitaji kifurushi cha kuongeza kwenye R, kama ggplot2 cha kuchora grafu, tafuta mashini ya Windows yenye intaneti nzuri na R ya toleo lilelile la kwako. Tengeneza folda pk kwenye flashi yako (hapa ni E:), kisha andika:

p <- c("ggplot2", unlist(tools::package_dependencies("ggplot2", recursive=TRUE)))
download.packages(p, "E:/pk", type="win.binary")

Maonyo kuhusu stats au grid yapuuze, hizo zinakuja na R yenyewe. Nyumbani:

install.packages(list.files("E:/pk", full.names=TRUE), repos=NULL)

Wengi hukwama kwa kubeba ggplot2 peke yake bila vifurushi inavyovitegemea, au kwa kuchukua zip za R 4.4 na kuzipeleka kwenye R 4.2. CRAN, hazina rasmi ya vifurushi vya R, hujenga zip za Windows kwa matoleo machache ya karibuni tu, kwa hiyo folda ya E:/pk usiifute hadi siku ya utetezi.