Chakula cha pamoja kanisani: msipike vyakula viwili

Shalom wapendwa. Niko kwenye kamati ya chakula usharikani kwetu hapa Dar miaka mingi sasa, na kila tukikaa kupanga mlo wa baada ya ibada, iwe mavuno au kipaimara au tunamuaga mchungaji, lazima atokee mtu aulize "na meza kuu je, wageni tunawapikia nini?" Hapo ndo pa kusimama imara. Msikubali vyakula viwili. Yaani pilau kuku na soda na matunda vinaingia ofisini mlango unafungwa, huku nje washirika wako juani kwenye foleni ya wali maharage, alafu tunaita chakula cha pamoja, pamoja na nani sasa?

Hii ishu haikuanza leo. Paulo aliwaandikia Wakorintho waraka wa kwanza kwenye miaka ya 50 huko baada ya Kristo, sura ya 11, akawaambia mkikutana kila mtu anawahi chakula chake, huyu ana njaa huyu amelewa, na wasio na kitu mnawatahayarisha. Wengi tunaisoma ile sura siku ya Meza ya Bwana tu, tunaanzia mstari wa 23, tunaruka kwamba maneno yote yale yalianzia kwenye kula. Na alichowaambia wafanye ni kidogo sana, mngojane.

Sasa kwa vitendo. Pikeni sufuria moja ya wote, hata kama ni chakula cha kawaida kabisa. Sisi kilo 1 ya mchele tunapigia watu 7 au 8, maharage yanalowekwa Jumamosi usiku, ila wali usipikwe usiku ukalala jikoni, joto la Dar mnalijua, mtalaza watu hospitali. Nyama ikiwa haitoshi ikatwe vipande vidogo iingie humohumo kwenye pilau, hapo hakuna wa kuchaguliwa paja.

Michango nayo muiangalie sana. Ile ya kubandika majina kwenye grupu la WhatsApp, fulani elfu hamsini, fulani elfu ishirini, fulani bado, inafukuza watu na hamtajua, maana mama asiye na elfu tano wiki hiyo hatakwambia hana, atakaa tu nyumbani, na Jumapili ijayo ataona aibu kurudi. Wekeni kapu, atakayetoa atoe bila kutangazwa, na mwenye fungu la mchicha alete, mwenye mikono yake tu aje aoshe masufuria, wote wamechangia.

Kupakua, waanze watoto na wazee. Na hili naliomba kwa moyo wote, chakula cha waliopika kitengwe mapema kabisa, maana kina mama wanaamka saa tisa usiku wanakaa kwenye moshi alafu mwisho wanabaki na ukoko. Wababa wakipakua hiyo siku kina mama wakakaa chini wakaletewa, nimeona inavyobadilisha hali ya usharika mzima, we jaribuni.

Mchungaji akae kwenye mabenchi na watu. Wa kwetu tulipomuomba alikubali palepale, na nakumbuka siku moja alikaa karibu na kijana wa bodaboda ambaye ofisini asingeingia hata siku moja, wakala wakaongea, yule kijana akamweleza mambo ya nyumbani kwake mazito tu, sahani iko mkononi. Ofisini hiyo isingetokea.

Mabaki pia mpange mapema nani anapelekewa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo kila jumuiya ije na hotipoti yake, wapakuliwe wagonjwa na wazee wasioweza kutoka nyumbani, na wapakuliwe kabla hotipoti za viongozi hazijafunguliwa.