Kabla ya Valvu ya Moyo, Ulizia Figo

Shangazi yangu wa Nansio, Ukerewe, alibadilishwa valvu ya moyo, yaani mlango unaopitisha damu upande mmoja, akiwa tayari ana ugonjwa sugu wa figo. Mimi nilikuwa msindikizaji: mbeba faili na muuliza maswali. Dozi na maamuzi muachie daktari wako, haya ni ya ndugu wa mgonjwa.

Huku Kanda ya Ziwa tukiambiwa valvu imebana, mara nyingi kutokana na tonsesi za utotoni zilizozaa homa ya baridi yabisi, mawazo yote yanahamia Dar es Salaam: rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, nauli, nani atabaki na mgonjwa. Figo zinakumbukwa mwishoni.

Daktari akisema "figo siyo mbaya sana", omba karatasi ya kreatinini uione. Kreatinini ni taka ya damu ambayo figo huichuja. Hutokana na misuli, hivyo mama mtu mzima aliyekonda anaweza kuwa na namba ya kuridhisha ilhali figo zimechoka. Chukua kreatinini ya 120, kwa vipimo vya mikromoli kwa lita. Kwa kijana wa kiume wa miaka 25, figo zinachuja kama mililita 74 hivi kwa dakika; kwa mwanamke wa miaka 60, kama 45 tu. Huo uchujaji ndio unaoandikwa eGFR. Ukikaa chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi, ni ugonjwa sugu. Chini ya 15, figo zimefeli. Vipimo vya zamani msitupe, hata vya zahanati, maana vinaonyesha tatizo limeanza lini.

Wakati wa upasuaji, mashine hushika kazi ya moyo na mapafu. Figo zilizodhoofika zinaweza kugoma hapo, mgonjwa akaishia kusafishwa damu. Dawa ya kontrasti inayodungwa ili mishipa ya moyo ionekane kwenye picha nayo inaweza kuziumiza, kwa hiyo uliza kama zitapewa muda wa kupumua kati ya picha na upasuaji. Sitaficha: wenye figo mbovu hutokwa damu zaidi, hupata maambukizi zaidi, hukaa wodini zaidi, na hufariki zaidi. Uchujaji ukishuka, hatari inapanda. Lakini moyo usiosukuma damu vizuri nao hudhoofisha figo, na wapo ambao figo zao hupata nafuu valvu ikishatengenezwa. Kwa hiyo msikatae upasuaji kwa sababu ya figo peke yake.

Aina ya valvu ndiyo iliyotukesha. Ya chuma hudumu miaka mingi, ila utameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yako yote na kupimwa INR mara kwa mara, kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Figo zikiwa mbovu, INR huyumba na damu hutoka kirahisi. Ya tishu ya mnyama haidai warfarini ya maisha, lakini huchakaa, na ugonjwa wa figo huvuruga madini ya chokaa na fosfeti mwilini hata valvu hiyo ikakakamaa mapema. Shangazi mapigo yake yalikuwa yameshaparaganyika, warfarini angeimeza vyovyote vile. Akawekewa ya chuma. Swali likawa makazi: ziwa likichafuka, nani atamvusha kutoka Ukerewe kuja kupima? Akahamia kwetu Nyegezi, jijini Mwanza. Hakufurahi, na bado analalamika kwamba sato wa mjini hana ladha.

Nyumbani, adui mkubwa ni duka la dawa. Mgongo ukiuma, muuzaji anakupa diklofenaki au ibuprofeni bila kuuliza. Dawa hizo huumiza figo, na zikikutana na warfarini zinaweza kumwaga damu tumboni. Sisi tunatumia parasetamoli, kwa dozi ya daktari. Mizizi ya kuchemsha tumeikataa, hata ile iliyoletwa na mjomba kwa nia njema. Mchicha na kisamvu anakula, ila kwa kipimo kisichobadilikabadilika, kwa sababu vitamini K iliyomo hushusha INR. Samaki wa chumvi tumewaacha.

Akitaka kung'olewa jino, daktari wa meno anaambiwa kwanza kuhusu valvu na warfarini. Asubuhi anapanda mizani akishatoka chooni, kabla ya chai. Uzito ukiruka kilo mbili ndani ya siku chache, miguu ikavimba, tunapiga simu kliniki siku hiyohiyo.